Kizibo Kimoja kwa Debe Zima

6 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua: ukifungua bahasha unaruka salamu unatafuta habari ya mtoto. Mtoto hajambo. Anakula, anaruka kamba, anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umnyamazishe. Jina la Chiriku ulilompa limemkaa kama ngozi. Ameingia darasa la sita akiwa wa nne. Mimi mgongo unauma kwa cherehani, lakini hiyo si habari, hiyo ni ajira. Paa la jikoni tumeliziba.

Sasa sikia kituko. Wiki iliyopita alipita muuza miche na mkokoteni wake. Makopo tele, na kila kopo lina waridi limechanua, jekundu, la njano, jeupe, mpaka nyuki wanamfuata njiani. Mwanao akanivuta sketi: "Shangazi, kama ya Baba!" Nikanunua matatu. Siku ya tatu vichwa vimeinama. Siku ya sita majani yanalia kama karatasi. Nikavuta mmoja nione kuna nini chini. Fimbo tupu! Hauna hata unywele wa mzizi. Yule bwana alikata maua huko alikokata, akayachomeka kwenye udongo, akaja kuniuzia. Jirani yangu amecheka mpaka akakaa chini. Ananiambia, "Wewe unapima watu viuno kila siku, umeshindwa kupima mche?"

Mwanao alilia, na hakulilia maua. Wenzake shuleni hawaamini kwamba baba yake analima maua. Wanamwambia maua hayaliwi, kwa hiyo hakuna mtu anayeajiriwa kuyalima, na kwamba baba yake yuko mahali pengine tu. Anataka waridi mlangoni awaonyeshe. Mimi nami nalitaka. Kila bibi harusi anayekuja kwangu anataka ua la kifuani, na ya sokoni hunifikia yamechoka.

Tuambie mche wa kweli unanunuliwaje.

Dada yako

Baba, hii ni mimi. Shangazi amenibakizia mstari wangu chini kama kawaida. Swali: waridi lipi linanukia zaidi, jekundu au la njano? Usisahau kujibu. Chiriku.

27 Januari

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka nyapara akaja kuangalia kama nimelewa. Naandika Jumapili mchana, nimekaa juu ya kreti nyuma ya mabanda ya maua. Barua huku huletwa na gari la kampuni kila Jumamosi ya pili, kwa hiyo ukiona kimya usidhani nimekupuuza. Chumbani tuko sita bado. Yule mwenzangu wa kitanda cha juu, tunayemwita Meja kwa sababu anatembea kama yuko gwaride, mkewe amejifungua salama.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa waridi naweza kumkalisha chini mtu wa chuo. Kwanza, usinunue mche uliochanua. Ua ni maneno matamu tu. Tazama chini. Shina linapotoka kwenye udongo utaona kifundo kama goti la mtoto. Hapo ndipo walipobebesha tawi la waridi zuri juu ya mizizi ya waridi la porini. Usipoona goti, ondoka. Halafu shika shina karibu na udongo ulivute kidogo, kwa adabu. Likikufuata, mwachie mwenyewe. Kwaruza gome kwa ukucha: ndani pawe kijani. Geuza kopo uone kama mizizi inachungulia kwenye matundu.

Chimba shimo la kina cha kiwiko. Samadi iwe imeoza kabisa, isiwe na harufu. Goti libaki juu ya udongo. Maji mpe asubuhi, miguuni, si kichwani. Chipukizi likitokea chini ya goti, hata likiwa limenona namna gani, likate bila huruma. Hilo ni la porini, litakula chakula cha mwenzake.

Mwambie Chiriku jekundu. La njano tunalolima halinukii kabisa, wanunuzi wanataka shina refu tu. Jekundu lilikuwa linanukia sana nilipokuwa kwenye kukata. Tangu mwaka jana wamenihamishia kwenye bomba, napuliza dawa. Ni kazi kama kazi nyingine, na mtu akivaa barakoa hawezi kunusa kitu.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Tumekukalia kimya muda mrefu, nisamehe. Ulikuwa msimu wa harusi, nimeshona mpaka vidole vimekuwa na matundu kama chujio. Chiriku meno yake ya mwisho ya utoto yameng'oka. Urefu, usiulize: sare tuliyoshona Januari nimeshaishusha pindo mara mbili.

Waridi tunalo! Nyuma ya shule kuna mama mmoja mstaafu, analea miche kwenye kibanda cha nyasi. Mwanao akaingia na barua yako mkononi kama askari mwenye hati ya upekuzi. Akashika kila mche goti, akakwaruza, akavuta. Yule mama akauliza, "We mtoto, umekuja kununua au kukagua?" Akajibiwa, "Baba yangu ndiye mwenye kazi hii." Tumechukua mitatu: mwekundu, mweupe, na mmoja ambao yule mama mwenyewe hajui utakuja na rangi gani. Tumeipanda chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Imeshika vizuri, imetoa majani mekundu-mekundu yanayong'aa.

Lakini sasa tumeingiliwa. Vijidudu vya kijani vimejaa kwenye vichipukizi kama shanga, na chini ya majani kuna kitu kingine chekundu kidogo kuliko ncha ya sindano, kinafuma utando. Majani yanageuka manjano. Tumepuliza maji ya sabuni wiki tatu. Vinaoga vinaendelea. Mweupe umeshapukutisha karibu majani yote, na mtoto kila asubuhi anayaokota anayahesabu.

Ninyi huko mnatumia nini?

Dada yako

Baba, nimeshawaambia darasa zima kwamba mwezi wa sita nitapeleka ua. Yakifa nitahama shule. Si utani. Tutumie dawa yenu. Chiriku.

5 Mei

Dada, shikamoo.

Meja amepata likizo ya kwenda kumwona mtoto wake, na basi lake linapita kwenu. Atakuletea chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Ndani si dawa ya kikohozi. Ni dawa yetu ya utitiri, hivyo vyekundu vinavyofuma utando, ile niliyoipuliza wiki nzima hii. Banda lililokuwa limepauka lote limerudi kuwa kijani kwa siku nne.

Sikiliza vizuri. Kizibo kimoja kwa debe zima la maji. Puliza juu na chini ya majani, jioni jua likipoa, mara moja kwa wiki. Mtoto asiiguse, asikaribie, akae ndani. Wewe funga kitambaa mdomoni. Chupa iweke juu kabatini ambako hata wewe unapanda kiti.

Na usimwambie mtu imetoka wapi. Stoo huku inafungwa kwa kufuli mbili, nami si mwenye ufunguo. Nimechukua kidogo kilichobaki kwenye ndoo, kile ambacho kingemwagwa. Lakini kwa kampuni kilichobaki kwenye ndoo nacho kina mwenyewe. Wakijua, nimekwisha.

Mwambie Chiriku asihame shule.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Nikuambie nini! Meja wako alifika, amekaa wima kitini kama anasubiri kupigwa picha, akanikabidhi mzigo kwa mikono miwili. Nimefanya kama ulivyosema, kizibo kimoja, kila Jumamosi jioni, na mtoto nimemfungia ndani anachungulia dirishani akinipa amri. Wiki ya pili vidudu vyote chini, vimekauka kama ufuta. Mche mweupe umevaa majani upya. Na ule usiojulikana rangi umekuwa wa kwanza kuchanua: pinki iliyopauka, katikati kama ndani ya ganda la yai. Jirani aliyenicheka amekuja kuomba tawi.

Kazi ipo. Macho yananisumbua kidogo, nadhani nibadilishe miwani. Mwanao ana mafua.

Nawe, mdogo wangu, mwandiko wako umekuwaje? Barua ya mwisho imekuja kama kuku amekanyaga wino. Tafuta meza uandikie, acha kreti.

Dada yako

BABA!!! Nimelipeleka. Mwalimu amelitia kwenye glasi mezani. Yule aliyesema maua hayaliwi amelinusa mara nne, nimehesabu. Chiriku.

30 Juni

Dada, shikamoo.

Nilisoma mstari wa Chiriku kwa sauti, chumba kizima kikapiga makofi. Hata Meja alitabasamu, na huyo hutabasamu kwa ratiba.

Lakini Meja huyohuyo ameniambia jambo. Anasema siku aliyopita kwenu akirudi, ilikuwa mwanzo wa wiki, alimkuta Chiriku amelala kwenye mkeka saa nne asubuhi, anatoka jasho, na hakuongea. Nikamwambia labda hukuingia nyumba yenyewe, mwanangu asiyeongea simjui. Wewe umeandika mafua. Ni mafua gani?

Jambo la pili. Ile chupa, kama wadudu wamekwisha, basi. Chimba shimo mbali na kisima, ifukie. Usiiweke akiba. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja wa bomba ametolewa bandani amebebwa. Mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Wanasema alikuwa na ugonjwa wake. Sijui. Amepelekwa kwao, na kitanda chake kimeshapata mtu mwingine.

Nijibu kwa maneno mawili tu: chupa imefukiwa.

Mdogo wako

21 Julai

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mvua imekatika, tunamwagilia asubuhi kama ulivyofundisha. Mche mwekundu una vitumba saba. Pinki nimeikata baada ya kuchanua, juu ya jani lenye vidole vitano. Yule mama wa miche amepita, amesema hajaona waridi limeshika hivi kwa mwaka wa kwanza.

Biashara inasuasua. Bibi harusi mmoja amerudisha gauni, eti linamwasha shingoni na kichwa kinamgonga akilivaa. Nimemwambia ni woga wa ndoa. Nimelifua nikalipiga pasi upya, bado hataki.

Mtoto anakusalimu.

Dada yako

4 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, halafu nikaigeuza nyuma, halafu nikaitikisa bahasha. Mstari wake uko wapi? Tangu ajue kuandika jina lake hajawahi kuacha kuandika chini ya barua yako. Hata alipokuwa na tetekuwanga aliandika "nawashwa".

Nilikuuliza chupa, ukanijibu vitumba saba. Nilikuuliza mafua, ukanijibu gauni. Wewe ni dada yangu, umenilea, nakujua unavyoficha: unaongea sana juu ya kitu kingine. Hata baba alipofukuzwa kazi ulikaa mezani ukatusimulia habari za paka.

Sina amani. Jana nimesahau kufungua koki nikapuliza mstari mzima hewa tupu, nyapara akaniuliza kama nimeoa majini. Nikamwambia nina mtoto.

Niandikie ukweli hata kama ni mbaya. Mbaya ninaoujua naweza kuubeba. Huu nisioujua ndio unaonilaza macho.

Mdogo wako

22 Agosti

Mdogo wangu,

Sawa. Nakaa chini nikuambie, na usinikatize.

Mtoto anaumwa tangu mwanzo wa Juni. Inakuja na kuondoka. Kila Jumatatu anakwenda shule mzima, saa nne wanamrudisha: jasho, kutapika, tumbo linamsokota, mikono inatetemeka mpaka hawezi kushika kalamu. Ndiyo maana hukupata mstari wako. Alijaribu. Aliandika herufi tatu, akaona aibu, akachana karatasi, akasema atakuandikia akipona. Jumatano anakuwa na nafuu. Ijumaa anaongea kama zamani. Jumatatu inaanza tena. Shuleni wameipa jina, homa ya Jumatatu, wanasema anatega hesabu. Mwalimu aliniita akaniambia kwa upole nimchape kidogo. Sikumchapa. Lakini kuna Jumatatu moja nilimvalisha kwa nguvu analia, nikamsukuma mlangoni, na hilo nitakwenda nalo kaburini.

Nimempa dawa za malaria mara tatu. Kisha nikampeleka hospitali. Daktari ni mtu mzima, mpole. Akamwangalia macho kwa tochi, akamgeuza, akaniuliza, "Mama, nyumbani kwako kuna dawa yoyote ya kuulia wadudu?" Nikasema hapana.

Nilisema hapana, mdogo wangu. Uliandika wakijua umekwisha. Na nilijua si hiyo, kwa sababu uliniambia mtoto asiguse na hajagusa. Naapa kwa jina la mama. Chupa iko juu kabatini, naishusha mwenyewe. Nachanganya mwenyewe, kizibo kimoja, humohumo ndani ya kile kichupa changu cha kunyunyizia nguo maji ninapopiga pasi, maana ndicho pekee kinachotoa maji laini kama ukungu. Nikimaliza nakisuuza mara mbili mpaka harufu iishe. Jumapili kinarudi kwenye kazi yake, napiga pasi nguo za wateja na sare ya mtoto. Yeye hakisogelei.

Sikuifukia. Utitiri ulirudi Julai, na yeye siku za nafuu furaha yake ni ile miche tu. Nilisema nisimnyang'anye na hilo.

Nami mwenyewe siko sawa. Kichwa, macho. Nilidhani ni miwani.

Sasa umejua. Niambie nifanye nini.

Dada yako

SIMU YA MAANDISHI, 2 Septemba

USIPIGE PASI. KICHUPA CHA MAJI FUKIA. SARE CHOMA. MWOSHE MTOTO SABUNI MWILI MZIMA. RUDI KWA DAKTARI LEO SEMA DAWA YA WADUDU. SEMA NIMEIBA MIMI.

SIMU YA MAANDISHI, 5 Septemba

AMELAZWA. DAKTARI ATAKA JINA LA DAWA. CHUPA HAINA JINA. UPESI.

7 Septemba

Dada, shikamoo.

Najua simu ya ofisini imeshakufikia hospitali. Nakuandikia hata hivyo, ili ujue ilivyokwenda, maana kwenye waya hatukuweza kusema kitu.

Barua yako ya Agosti niliipokea getini. Nilipofika pale pa kichupa cha pasi nilikaa chini kwenye kokoto na watu wananiruka. Kizibo kimoja kwa debe zima, dada. Kichupa chako kinaingia maji ya glasi mbili. Ulidhani umefuata niliyoandika, na niliyoandika hayakutosha. Sikusema upulize kwa chombo gani. Mimi bomba liko mgongoni siku sita kwa wiki, mikanda yake imenichora mabegani. Ilinitoka kichwani kwamba kuna watu duniani hawana bomba, na watatafuta kitu ndani ya nyumba. Na sikusema kwamba dawa hii haihitaji mdomo. Inapita kwenye ngozi. Hilo nilikuwa nalijua. Huku mtu akilowa mgongo anapelekwa kwenye bomba la maji kuoga kabla hata hajaitwa jina. Sikuliandika kwa sababu ningeliandika ungeniuliza, "Na wewe je?"

Basi umemfichia mtoto chupa juu kabatini, halafu kila Jumapili ukamnyunyizia kwenye kola. Usijipige kifua. Tumefanya wawili, na mimi ndiye niliyeanza.

Simu yako ya maandishi ilipofika nilikwenda stoo. Jina limeandikwa kwenye pipa, lakini pipa liko ndani ya kufuli mbili. Mtunza stoo akauliza, "Jina la dawa la nini? Unataka kuiposa?" Nikamwambia mtoto wangu amelazwa. Akasema, "Pole, ila mpaka karatasi kutoka ofisini." Nikaenda ofisini. Karani akasema meneja ana wageni. Nikamwambia, "Mwambie hao wageni wamenunua maua ya mtu aliyeiba dawa." Hapo meneja akatoka.

"Umeiba nini?"

"Dawa ya utitiri. Chupa moja ya kikohozi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Nipigie simu hospitali kwanza, halafu niulize mpaka uchoke."

Akageukia mlangoni. Nilidhani ataita walinzi. Akaita ufunguo. Nilinakili jina herufi moja-moja kwenye mkono, maana ni refu na si la lugha yetu, na mkono wangu haukutulia, ikabidi karani alinakili upya kwenye karatasi. Alipomaliza aliangalia mikono yangu.

Daktari alishika simu mwenyewe. Nikamsomea jina. Akasema asante, hiyo anaijua, ina dawa yake, na dawa yake anayo. Akasema Chiriku yuko macho. Akasema wataendelea kumwangalia, mtoto amekula sumu kidogo-kidogo miezi mitatu na hawezi kuniahidi itamtoka yote lini. Nikauliza, anaongea? Akasema, "Anauliza maswali, ila polepole." Nilishukuru nikataka kurudisha simu kwa karani.

Akaniambia, "Subiri. Wewe unaipuliza hii kila siku?"

Nikasema kila siku isipokuwa Jumapili.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Mikono?"

Mkono usioshika simu nikautia mfukoni. Karani yuko pale, meneja yuko pale.

"Jumatatu asubuhi unajisikiaje?" akaniuliza.

Dada, nilicheka. Nikamwambia, Daktari, hapo umekosea, mimi sina ugonjwa wa mwanangu. Jumatatu asubuhi ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote. Jumatatu nashika kijiko vizuri, nasoma barua bila kuisogeza mbali, Jumatatu naweza hata kukuandikia. Ni kuanzia Jumanne ndipo ninapoharibika.

Yeye hakucheka. Nilimsikia anavuta kiti.

Akasema, "Na wewe njoo."

Kampuni imeniachisha jana. Meneja amesema hatanipeleka polisi, na Meja amenibebea begi mpaka barabarani akitembea kawaida kabisa, mkono mmoja begani kwangu. Basi linaondoka kesho. Nitafika na begi hilo, shati nililovaa na viatu. Nguo za kazi nimeziacha. Miaka hii yote nilikuwa nazikunja nazilalia kama mto.

Nitakuja moja kwa moja hospitali. Usimwambie mtoto. Ikiwa ataniuliza tena habari ya harufu, nitamwambia ukweli, kwamba nina mwaka mzima sinusi chochote, na yeye ndiye atakayeninusia.

Mdogo wako